Nimeweka RLS kwenye dashibodi, lakini msimamizi wa Nansio bado anaona bei za Kome. Nimekosea wapi?

#1 Mwaloni_Data (mleta mada)

Mwangaluka wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanicheka.

Nipo kwenye kampuni moja ya dagaa hapa Mwanza, jina tuliache. Tunanunua mialoni, tunaanika, tunapakia. Vituo vyetu ni Nansio, Ukara, Kome, Igombe, Musoma na hapa Kirumba makao makuu. Zamani kila msimamizi alikuwa anatuma Excel yake WhatsApp jioni, mimi nashinda nabandika. Nikachoka, nikajenga dashibodi moja ya Power BI, ile programu ya ripoti ya Microsoft: kilo zilizoingia, bei ya kununulia, pesa iliyotoka kwa mawakala, mzigo uliobaki stoo. Bosi akaipenda mpaka akataka kila msimamizi aifungue kwenye simu yake.

Hapo ndipo palipo na moto. Bei ya kununulia ni siri ya mwalo. Giza likiingia na mitumbwi ikishusha kwa wingi, Nansio tunanunua kwa bei yake, Kome kwa yake, kwa sababu Kome wanunuzi wengine ni wengi na usipopandisha unarudi na magunia matupu. Msimamizi wa Nansio hatakiwi kuijua bei ya Kome. Si kwamba ni mtu mbaya, ila mawakala wake ndio majirani zake na mashemeji zake. Akijua yeye saa tano, saa sita kisiwa kizima kinajua.

Basi nikaweka RLS, ule ulinzi wa kumwonyesha mtu mistari yake tu. Nina teibo ya Vituo, na teibo nyingine nimeiita Ruhusa, ina barua pepe na jina la kituo. Kwenye Vituo nikaandika hivi:

Vituo[JinaKituo] = LOOKUPVALUE(Ruhusa[JinaKituo], Ruhusa[BaruaPepe], USERPRINCIPALNAME())

Yaani: tafuta kwenye Ruhusa jina la aliyelogini, umwonyeshe kituo chake. Nikatesti kule Desktop, Power BI ya kwenye kompyuta, kwa View as, kitufe cha kujifanya mtu mwingine, nikaweka barua pepe ya Nansio: Nansio tu. Nikaweka ya Musoma: Musoma tu. Nikapandisha mtandaoni, nikalala usingizi mnono.

Alhamisi napigiwa simu na mama wa Nansio. Hata salamu hakutoa. "Kwa hiyo Kome wanazidi kwetu shilingi 200 kwa kilo, sisi tunavua mawe?" Nikadhani kasikia mtaani. Akanitumia skrinshoti. Vituo vyote sita, bei zote, mpaka grafu ya miezi mitatu. Mawakala wake wawili wamegoma kupokea hela, bosi kaniita mara mbili na mara zote mbili hakunikaribisha kiti.

Fomula ni sahihi, nimeiangalia mpaka macho yanauma. Nimekosea wapi?

#2 Sato_Choma

Naweka kambi hapa. Dagaa wamekuwa na siri kuliko benki.

#3 Binti_Buzuruga

Kaka pole. Acha kuikodolea fomula, haina kosa kubwa (ina moja dogo, nitalirudia). Nenda kwenye lile eneo la kazi mtandaoni ulikopandishia ripoti, fungua orodha ya watu walioingizwa, uangalie mama wa Nansio ameandikwa nani. Nakutabiria: si Viewer, mtazamaji tu.

#4 Mwaloni_Data

Dada wewe ni mganga? Ameandikwa Member. Na si yeye peke yake, wasimamizi wanne kati ya sita ni Member.

Nimekumbuka ilivyokuwa. Mwanzoni kabisa, kabla hata sijaweka RLS, msimamizi wa Igombe alikuwa anashindwa kufungua ripoti, akasema yuko njiani na bosi anamsubiri kwenye simu. Nikampa Member ili mambo yaende. Wenzake waliofuata nikawapa hivyo hivyo ili wafanane.

#5 Binti_Buzuruga

Ndiyo hapo. RLS ya Power BI inamfunga mwenye haki ya kutazama tu. Admin, Member na Contributor wote wanapita pembeni, kwa sababu mfumo unawahesabu kama mafundi wa ripoti, na fundi anahitaji kuona data yote ndipo aijenge. Fomula yako haikuvunjika. Kwake haikuwahi hata kuulizwa.

Na View as haikukudanganya. Ile inajibu swali moja: fomula ikipewa barua pepe hii inaleta nini? Haikuambii mtu huyo ameingia kwa mlango gani. Ndiyo maana mimi sikuhizi siamini mtihani wowote wa RLS ambao sijaufanya kwa akaunti halisi, kwenye simu halisi, kwa kulogini mwenyewe. Omba akaunti moja ya majaribio, mpe Viewer, ipe kituo kimoja, kisha keti nayo kama wewe ni msimamizi. Bofya kila kitu. Pakua kwenda Excel, uone kinachoshuka.

Kama huwataki kabisa kwenye eneo la kazi, wape ripoti kupitia App, kifurushi cha ripoti cha Power BI yenyewe, wao wabaki wasomaji. Ni safi zaidi.

#6 Mzee_wa_Seva

Vijana mnahangaika na kufuli la dirisha wakati nyumba haina ukuta. Ulinzi wa data unakaa kwenye kanzidata. PostgreSQL inayo RLS tangu toleo la 9.5, mwaka 2016. SQL Server nayo tangu toleo la 2016. Unaandika sera mara moja kwenye teibo, kila programu itakayokuja kuchota, iwe Power BI, iwe Excel, iwe mtoto wa field aliyejifunza SQL jana, inakutana na sera ile ile. Hizi fomula za kwenye ripoti ni urembo.

#7 Binti_Buzuruga

Shikamoo mzee. Nakubaliana na wewe nusu, nusu nyingine nakataa.

Ripoti ya kaka huyu ni ya kuingiza data, yaani Power BI inachota nakala saa za rifreshi na kuihifadhi kwake. Sasa inapochota, inaingia kwenye kanzidata kwa akaunti ipi? Ile moja ya huduma. Kanzidata haimjui mama wa Nansio wala wa Kome, inamjua huyo mtumishi mmoja anayekuja saa kumi na moja alfajiri na debe lake. Ukiweka sera kali, mtumishi anapata pungufu na ripoti ya kila mtu inakuwa pungufu. Ukiilegeza, anachota yote, na kuanzia hapo sera yako haina habari tena na nani anasoma nini. Ili sera ya kanzidata imfikie msomaji ni lazima kila kubofya kwake kurudi mpaka kwenye kanzidata na utambulisho wake mwenyewe. Inawezekana kwa kuunganisha moja kwa moja, lakini si kwa kila kanzidata, na kwa intaneti ya Ukara kila kubofya ni chai na maandazi kabla chati haijatokea.

#8 Mzee_wa_Seva

Marahaba. Hapo kwenye kuingiza data nimekuelewa, sikuwa nimeona kuwa ni nakala.

Ila niongeze jambo kwa wanaotumia Postgres, maana limeniumbua mbele ya watu. Ukiwasha RLS kwenye teibo, mwenye teibo hafungwi nayo mpaka uandike FORCE ROW LEVEL SECURITY. Superuser, yule mkuu wa kanzidata, hafungwi kabisa, na mwenye BYPASSRLS, haki ya kuruka RLS, naye vivyo hivyo. Na vile vi-view, hoja zilizohifadhiwa zinazosomwa kama teibo, tunavyopenda kuvitengeneza, kwa kawaida vinasoma kwa haki za aliyevitengeneza, si za anayevisoma. Toleo la 15 ndilo limeleta security_invoker ya kurekebisha hilo. Mimi niliweka sera nzuri kabisa, halafu programu yetu ikawa inaingia kwa akaunti ile ile iliyotengeneza teibo. Sera ilikaa pale miezi kadhaa kama mlinzi aliyelala getini na rungu mapajani.

#9 Mwaloni_Data

Wakuu nimeshusha wote kuwa Viewer. Sasa kumezuka mengine. Nansio, Igombe na Kome sawa, kila mtu anaona chake. Lakini:

Ukara anapata chati zote zimeandika hitilafu, hakuna kinachofunguka.

Musoma anafungua vizuri, chati zipo, lakini tupu. Sifuri kila mahali.

Na yule dada wa Kirumba ambaye anasimamia pia Igombe akienda likizo mwenzake, nilimwongeza mstari wa pili kwenye Ruhusa. Sasa naye ni hitilafu.

#10 Binti_Buzuruga

Hitilafu na utupu ni magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Wa Ukara: hujamweka kwenye jukumu lolote (role, lile linalobeba fomula) kule mtandaoni, sehemu ya Security ya modeli, yaani data iliyo nyuma ya ripoti. Kumwandika kwenye teibo ya Ruhusa hakutoshi. Modeli ikishakuwa na majukumu, msomaji asiyekuwemo hata kwenye moja hapewi chochote, hata sifuri. Ndiyo maana tengeneza kundi moja la barua pepe la wasimamizi, uliweke kundi kwenye jukumu, basi. Akiajiriwa mpya anaingizwa kwenye kundi na hugusi tena Power BI.

Wa Musoma: yumo kwenye jukumu, lakini fomula haimpati kwenye Ruhusa. Jina analoingilia halifanani na ulilolisajili. Weka kadi kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti, kipimo chake kiwe USERPRINCIPALNAME() tu. Mwambie aifungue akusomee kinachoandikwa, herufi kwa herufi.

Wa Kirumba ndiye lile kosa nililosema nitalirudia. LOOKUPVALUE inataka jibu moja. Ikikuta vituo viwili kwa barua pepe moja inagoma, na ina haki. Badilisha:

Vituo[JinaKituo] IN CALCULATETABLE(VALUES(Ruhusa[JinaKituo]), Ruhusa[BaruaPepe] = USERPRINCIPALNAME())

Na teibo ya Ruhusa yenyewe, kwenye jukumu hilo hilo, iwekee FALSE(), yaani msomaji asione mstari wowote. Vinginevyo aliyepewa haki ya kujenga chati zake juu ya modeli anaweza kuisoma orodha nzima ya nani anaona nini. Fomula ya Vituo itaendelea kuisoma bila shida.

#11 Ng'wana_Kwimba

Samahani naingilia, mimi ni wa Excel tu. Si angetengeneza ripoti sita, kila kituo na yake? Mbona mnajitesa?

#12 Mwaloni_Data

Ng'wanawane, nilifanya hivyo mwezi mmodzi... mmoja, samahani kidole. Bosi akasema ongeza safu ya unyevu wa dagaa. Nikaongeza kwenye faili sita. Ya Ukara nikasahau. Wiki mbili Ukara wanalalamika kuwa wanabaguliwa.

#13 Ng'wana_Kwimba

Nimeelewa. Na zile shiti za Excel ninazozificha kwa paswedi?

#14 Mzee_wa_Seva

Hizo unajificha mwenyewe, kijana. Kuficha shiti ni pazia. Na hapo hapo niwakumbushe wa Power BI: faili la .pbix lenye data iliyoingizwa, ukilituma kwa mtu, akalifungua kwenye Desktop, anaona yote. RLS haisimbi data. Ni sheria inayosimamiwa na mtandao wao ripoti ikiwa kule. Faili likiwa kwenye flashi, sheria imebaki mjini.

#15 Mwaloni_Data

Musoma imepatikana, na mjue nimepoteza saa nzima. Kadi inaonyesha barua pepe ile ile. Nikaziweka juu na chini, herufi kwa herufi, zinafanana. Nikaandika LEN, ya kuhesabu herufi, kwenye zote mbili. Ya kadi 27, ya kwangu kwenye Ruhusa 28.

Nafasi moja mbele ya herufi ya kwanza. Niliikopi kutoka kwenye meseji ya WhatsApp ikaja na nafasi yake. Kwa macho huioni hata uvae miwani ya babu.

#16 Binti_Buzuruga

Nafasi ya mbele ndiyo inayouma. Ya nyuma Power BI huikata yenyewe inapoingiza data, ya mbele inaiacha ilivyo. Herufi kubwa na ndogo usizihofie, kwa kawaida inazichukulia sawa. Weka Trim, ya kukata nafasi, kwenye Power Query (sehemu ya kusafishia data) kwa safu ya barua pepe, uisahau hiyo kesi.

Mwingine wa aina hiyo tuliyewahi kuhangaika naye ni dada aliyeolewa. Akabadilisha jina, barua pepe ikabadilishwa, jina la kulogini likabaki la kwa baba yake. Kila mtu ofisini anamwandikia kwa jina jipya, mfumo unamjua kwa la zamani. USERPRINCIPALNAME inarudisha la kulogini. Kadi ndiyo iliyotuokoa, vinginevyo tungekuwa bado tunabishana.

#17 Tabibu_wa_Takwimu

Habari za jioni wakuu. Mimi niko upande wa afya, si mwenye dagaa. Nimeona tofauti moja ambayo huenda ikamsaidia mleta mada.

Sisi kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, mtumiaji hafungwi kwa orodha ya barua pepe na vituo. Anapachikwa kwenye tawi la mti. Kituo kiko chini ya halmashauri, halmashauri chini ya mkoa. Ukipachikwa Sengerema unaona Sengerema na vyote vilivyo chini yake, na kikifunguliwa kituo kipya chini yake unakiona bila mtu kuandika mstari. Kama kampuni yako itakuwa na mameneja wa kanda, fikiria mti mapema. Power BI ina PATH na PATHCONTAINS za kazi hiyo. Orodha ya mmoja mmoja ikifika watu hamsini inakuwa shamba lisilopaliliwa.

La pili, namba ndogo. Kumzuia mtu mistari hakutoshi ikiwa jumla inasema yenyewe. Kituo kidogo kikiwa na mgonjwa mmoja wa ugonjwa fulani mwezi huo, huhitaji jina, kijiji kinamjua. Sisi tunaficha hesabu ikishuka chini ya kiwango fulani. Na nyie dagaa mna majina na namba za simu za mawakala humo ndani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na haiulizi kama wewe ni hospitali au ni ghala la dagaa.

#18 Mwaloni_Data

Namba za simu zimo, ndiyo. Kila wakala. Sikuwa nimeliwaza hilo kabisa, nilikuwa nawaza bei tu.

Na hilo la jumla limenigusa pabaya. Kuna chati inayoonyesha kituo kimeleta asilimia ngapi ya mzigo wote wa kampuni. Tangu niwashushe, kila msimamizi anaona kituo chake ni asilimia 100. Wa Igombe kanipigia kufurahia. Nimetumia ALL() kwenye fomula, nikidhani itatoka nje ya kichujio.

#19 Binti_Buzuruga

ALL() inaondoa vichujio vya kwenye ripoti, vile vya kubofya. Haiwezi kuondoa ulinzi. Kwa msimamizi wa Igombe, mistari ya wengine haipo duniani, kwa hiyo "yote" yake ni Igombe. Na ingekuwa kinyume, RLS isingekuwa na maana.

Njia ni kutengeneza teibo ya pembeni yenye jumla ya kampuni kwa kila siku, haina safu ya kituo, haiunganishwi na Vituo. Unaigawia asilimia kutoka humo. Lakini soma tena alichosema Tabibu kabla hujafanya. Mzigo, sawa, weka. Bei ya wastani ya kampuni, usiweke! Kuna wiki mbalamwezi imewaka, wavuvi wamekaa, vituo vinavyonunua ni viwili tu. Mama wa Nansio ana kilo zake, ana bei yake, umempa jumla ya kilo na bei ya wastani, akizizidisha anapata jumla ya pesa. Kutoa tu kwa kalamu nyuma ya risiti, bei ya Kome anayo, kwa senti.

Namba za simu: RLS inaficha mistari, haifichi safu. Kuficha safu kuna ulinzi wake, OLS, unawekwa kwa Tabular Editor, programu ya pembeni ya kuhariri modeli. Tahadhari moja, chati yoyote iliyoitumia safu hiyo inavunjika kwa asiyeruhusiwa. Kwa hali yako mimi ningeziondoa tu simu kwenye modeli. Nani anafungua dashibodi ili ampigie wakala? Wote wanazo kwenye simu zao.

#20 Sato_Choma

Kumbe mbalamwezi inavujisha data. Hii sikufundishwa chuo.

#21 Kijana_wa_Igoma

Sisi NGO yetu haina hela ya leseni. Kuna cha bure chenye RLS?

#22 Mzee_wa_Seva

Apache Superset. RLS imo ndani, ni ya bure, unaandika sharti la SQL na kulifungia kwenye jukumu. Usimpe msomaji ile sehemu ya kuandika SQL mwenyewe, SQL Lab, maana huko ni mlango mwingine. Metabase ya bure haina ulinzi wa mistari, uko kwenye toleo la kulipia. Uwe na mtu wa kuitunza seva lakini. Bure ni programu, si usingizi wako.

#23 Mwaloni_Data

Wakuu swali la mwisho, halafu niwaache. Nani aishike teibo ya Ruhusa? Kwa sasa ni mimi, iko kwenye Excel. Leo tu nimeandikiwa: wa Ukara kahamishiwa Musoma kuanzia Jumatatu, wa Musoma anaenda masomoni, wa Kome ana msiba na anayekaimu ni mhasibu wake kwa siku kumi. Bosi naye anataka "mtu wa benki aone kidogo". Kidogo ni kiasi gani, hakusema.

#24 Binti_Buzuruga

Kaka, umefika sasa. Hapa ndipo RLS nyingi zinapofia, na hakuna anayeandika mafunzo yake kwa sababu hayana fomula ya kupendeza. Ile fomula ni mstari mmoja, umeshaimaliza. Kilichobaki ni wewe kujua, kila asubuhi, nani anasimamia wapi. Na wewe hujui, kaka. Anayejua ni mtu wa utumishi, maana ndiye anayeandika barua za uhamisho.

Kwetu nilipigana miezi mitatu ili teibo hiyo itoke mikononi mwangu. Nilikuwa nasahau. Mtu kahama Februari, Mei bado anaona alikotoka, na hakuna anayelalamika, kwa sababu anayeona zaidi ya haki yake hapigi simu. Anayeona pungufu ndiye hupiga. Kwa hiyo makosa yako yote ya upande wa hatari yanakaa kimya. Hilo lilinikosesha usingizi zaidi ya hitilafu yoyote.

Tulichofanya: Ruhusa ikaongezwa safu mbili, Mwanzo na Mwisho. Hakuna mstari unaoingia bila tarehe ya mwisho, hata wa kudumu anawekewa mwisho wa mwaka. Anayeuandika ni utumishi, anayeukubali ni mkuu wa kituo ambacho data yake inaonyeshwa. Mimi nasoma tu. Kwenye fomula ongeza ndani ya CALCULATETABLE:

Ruhusa[Mwanzo] <= TODAY(), Ruhusa[Mwisho] >= TODAY()

Mhasibu wa Kome anapewa siku zake kumi, zikiisha mlango unajifunga na hakuna anayemnyang'anya kitu uso kwa uso. Kwa watu wa kwetu hilo ni kubwa. Kumwondolea mtu ruhusa mwenyewe kwa mkono, wiki ya matanga, nani ana moyo huo?

Mambo mawili ya kiufundi. TODAY() kule mtandaoni inafuata saa za UTC, sisi tuko mbele saa 3, kwa hiyo siku mpya kwake inaanza saa tisa usiku wetu. Asikupigie mtu saa saba usiku kuwa haoni. Na Ruhusa ni nakala kama teibo nyingine zote, ukifuta mstari sasa hivi unafanya kazi baada ya rifreshi inayofuata. Kama kuna wa kumtoa leo leo, rifreshi kwa mkono.

Mtu wa benki usimweke kwenye hii ripoti kabisa. Mtengenezee ukurasa wake kwenye modeli ya jumla tupu, isiyo na kituo. Na mwambie bosi aandike "kidogo" ni nini, kwa barua pepe, ubaki nayo.

#25 Mzee_wa_Seva

Hapo kwenye anayeona zaidi hapigi simu, nimekuvulia kofia, binti. Ongeza kadaftari ka ukaguzi: kila Ijumaa chapa orodha, mistari haizidi ishirini, mpe bosi aipitie na kalamu nyekundu. Mashine haitakuambia kuwa fulani alishahama.

#26 Ng'wana_Kwimba

Na mtu akipiga skrinshoti akaitupa kwenye grupu?

#27 Tabibu_wa_Takwimu

Atakuwa ametupa ya kituo chake tu. Ndiyo maana ya kazi yote hii.

#28 Mwaloni_Data

Mrejesho, maana humu watu wakipata jibu wanapotea.

Wote ni Viewer, wanaingia kupitia App. Kundi moja, jukumu moja la wasimamizi. Nilikuta pia meneja mmoja nilimweka kwenye majukumu mawili, la kituo na la uongozi, nikidhani linalobana zaidi ndilo litashinda. Kumbe yanajumlishwa, alikuwa anaona yote. Simu za mawakala nimezitoa. Bei ya wastani ya kampuni imebaki kwenye ukurasa wa bosi tu. Ruhusa iko kwa dada wa utumishi, wiki ya kwanza alinuna, sasa ananirudisha mimi nikimletea ombi lisilo na tarehe.

Mawakala wa Nansio walipandishiwa 100, wakarudi kazini. Hilo halikuwa langu kulitatua.

Binti Buzuruga wabheja sana, ukipita Kirumba kuna furushi lako la dagaa waliokaangwa. Mzee shikamoo.

Leo asubuhi simu ya kwanza ni mama wa Nansio. Safari hii kasalimia vizuri, kauliza na watoto. Halafu akasema dashibodi yangu imeharibika tena, maana siku hizi hata aibofye vipi, Kome haitokei. Nimemwambia naliangalia.